Je, wajua figo husogea kila unapovuta pumzi?

Mgongo ukimuuma mtu Dar es Salaam, awe mpagazi wa Kariakoo au dereva wa bodaboda kule Mbagala, hachelewi kuambiwa: "Figo hizo, ndugu yangu, kunywa maji." Wengine humpeleka kwa fundi wa kuchua misuli. Na siku hizi mitandaoni kuna jina jingine, osteopathi, yaani tiba ya kutumia mikono, na wapo wanaoahidi kwamba mikono yenye ujuzi inaweza kuamsha figo iliyolegea. Inawezekana?

Tuanze na lililo kweli. Figo husogea. Zimekaa nyuma ya utumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini ya mbavu za mwisho. Ya kulia iko chini kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake. Juu ya zote mbili kuna kiwambo, msuli mpana wa kupumulia. Ukivuta pumzi kiwambo hushuka na figo hushuka nacho, ukiitoa zinapanda. Kwa pumzi ndefu mwendo huo hufika sentimita kadhaa. Ndiyo maana kwenye altrasaundi unaambiwa vuta pumzi, ibane: figo itoke chini ya mbavu ionekane.

Osteopathi ilianzishwa na daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still, aliyeitangaza mwaka 1874 na kufungua chuo Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Huko Marekani leo wahitimu wake ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua. Uingereza ni watibabu wa mikono tu. Baadaye Mfaransa Jean-Pierre Barral alieneza mbinu za kugusa viungo vya ndani, akishikilia kwamba kiungo kisiposogea vizuri hakifanyi kazi vizuri. Kwa upande wa figo, hoja hii siikubali.

Figo inategemea damu, siyo mwendo. Karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo huenda kwenye figo. Kila moja ina vichujio kama milioni moja, na kwa siku zote mbili huchuja lita 180 hivi, karibu zote zikarudishwa mwilini, ikabaki lita moja au mbili za mkojo. Ushahidi mzuri kuliko wote tunao hapahapa mjini. Tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza figo, na figo iliyopandikizwa kwa kawaida huwekwa chini ya tumbo, karibu na kinena, mbali na kiwambo. Hapo haipandi wala kushuka na pumzi kama zile za asili, na inachuja vizuri kabisa.

Wapasuaji nao waliwahi kudhani kwamba shida ni mwendo wa figo. Mwaka 1881 Mjerumani Eugen Hahn alishona figo iliyoshuka ili itulie mahali pake. Upasuaji huo ukavuma sana, kisha ukaachwa kwa sehemu kubwa, maana wengi walibaki na maumivu yaleyale.

Mbona basi aliyechuliwa hupata nafuu? Kwa sababu mara nyingi kilichouma ni mgongo. Mishipa ya fahamu ya figo na ya misuli ya kiuno huingia kwenye uti wa mgongo katika pingili zilezile, hivyo ubongo hushindwa kuzitofautisha. Maumivu ya msuli hubadilika ukiinama au ukigeuka. Ya jiwe la figo huja kwa mawimbi, hushuka hadi kinenani, na mgonjwa hapati mkao wa kumtuliza. Figo zinazokufa polepole kwa kisukari au presha kwa kawaida haziumi hata kidogo. Hizo hugunduliwa kwa kipimo cha damu na mkojo. Na mtoto wa pwani yetu anayekojoa damu apimwe kichocho haraka. Minyoo ya kichocho huharibu kibofu na kuziba mirija inayotoka kwenye figo, na dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Sehemu ambayo mikono na mazoezi vinasaidia kweli njia ya mkojo iko chini zaidi: misuli ya sakafu ya nyonga, inayobeba kibofu. Mama anayevujwa na mkojo akikohoa au akibeba ndoo, hasa baada ya uzazi, asiambiwe avumilie. Kinamama wengi wanaficha jambo hili kwa aibu, na linaniuma, kwa sababu mazoezi aliyoyaeleza daktari Arnold Kegel mwaka 1948 yamethibitishwa kusaidia. Kaza misuli kana kwamba unazuia hewa isitoke, hesabu taratibu, legeza kabisa, rudia mara nane. Fanya hivyo mara tatu kwa siku kwa angalau miezi mitatu. Unaweza kuyafanya umekaa kwenye daladala, foleni ikiwa imesimama. Usiyafanye wakati unakojoa. Yakikushinda, au ukihisi misuli imekaza mno na mkojo hautoki vizuri, muone mtaalamu wa fiziotherapia: atahakikisha unakaza msuli sahihi, na kama unahitaji kuulegeza, mikono yake ina kazi ya kufanya.