Kikohozi cha Gerezani: Maswali na Majibu kuhusu Kifua Kikuu (TB)

Mahabusu na wafungwa hupangwaje?
Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka wanawake watenganishwe na wanaume, vijana na watu wazima, mahabusu na waliokwisha kuhukumiwa. Hiyo ni kanuni ya 11, na wengi wanaijua. Naomba isomwe pamoja na ya 30: kila anayeingia apimwe afya mapema iwezekanavyo, na anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza atengwe na atibiwe kwa muda wote anaoweza kuambukiza. Selo ikipangwa kwa makosa ya watu bila kuuliza nani anakohoa, kazi imefanyika nusu.

Kifua kikuu ni nini?
Ni ugonjwa wa bakteria, hasa wa mapafu. Huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa. Selo iliyojaa, dirisha dogo, watu wamelala bega kwa bega: hapo unaenea upesi. Sahani na blanketi haviuambukizi.

Si ni baridi ya sakafu tu?
Hapana. Kikohozi cha wiki mbili si cha sakafu mpaka makohozi yapimwe na kusema hivyo.

Na kama ni sigara?
Hapana pia. Mvutaji naye huugua TB, tena kwa urahisi zaidi. Wiki mbili, makohozi yapimwe. Ukikonda, ukipata homa, ukitokwa jasho usiku au ukikohoa damu, usingoje hata hizo wiki mbili.

Nikisema nakohoa, si nitatengwa kama mkosaji?
Hili ndilo linalotuumiza. Wagonjwa wanaficha kikohozi ili wasiondolewe kwa wenzao, na nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, anawasaidia kuficha akidhani anawatendea wema. Anayefichwa leo anawaambukiza waliomzunguka, na mwenye VVU kati yao anaweza kufa. Kutengwa huku ni matibabu, wala si adhabu. Ukimeza dawa sahihi, kwa kawaida uambukizaji hupungua sana ndani ya wiki chache. Na ninyi maaskari, tafadhali: chumba cha wagonjwa si chumba cha adhabu. Mkivichanganya, hakuna atakayejitokeza.

Sharubati ya kikohozi inayoletwa na ndugu inasaidia?
Inatuliza koo na kutuchelewesha sisi tunaotibu. Mama, kaka, dada: mnapomtembelea mkasikia anakohoa tangu mara iliyopita, semeni kwa askari au mganga wa gereza siku hiyohiyo.

Nikipata dhamana katikati ya dozi?
Matibabu ya kawaida ni miezi sita, na kutoka gerezani hakuyafupishi. Wengi huacha wakishajisikia nafuu, kisha hurudi na TB sugu, ambayo ni ngumu zaidi kutibu. Kabla ya kutoka, omba barua ya rufaa na dawa za kukufikisha kwenye kituo cha afya cha karibu na kwako. Ikiwa ulitoka ghafla mahakamani bila barua, nenda hivyo hivyo na ueleze ulikuwa ukimeza dawa gani.