Ugonjwa wa milango ya moyo kwa anayekwenda kupasuliwa: maana yake nini?

Neno "mlango" linapotosha kidogo. Mlango wa nyumba unampitisha anayeingia na anayetoka. Mlango wa moyo, au valvu, unapitisha damu upande mmoja tu. Aliyeona dema la wavuvi wa Pemba ataelewa haraka: samaki huingia kwa mdomo unaozidi kuwa mwembamba kwa ndani, kutoka ndiyo kazi. Moyo una milango minne ya namna hiyo, nayo hufunguka na kufunga kiasi cha mara laki moja kwa siku.

Ugonjwa wa milango ni mambo mawili tofauti. Mlango unaweza kubana, vibawa vyake vikakakamaa au kugandana, damu ikapita kwa shida. Au unavuja: haufungi sawasawa, na damu iliyokwisha kusukumwa inarudi nyuma. Wapo wenye yote mawili. Kwa vijana wetu chanzo kikubwa ni homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Kwa wazee, mlango wa aota, ule unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, hukakamaa kwa chokaa.

Sasa njoo kwenye upasuaji mkubwa. Damu hupotea, na dawa ya usingizi au sindano ya ganzi ya mgongo hulegeza mishipa, presha ikashuka. Moyo wenye afya hujibu kwa kusukuma damu zaidi. Wenye mlango wa aota uliobana hauwezi: tundu lililokuwa na sentimita za mraba 3 hadi 4 likishuka chini ya 1, damu inayopita haiongezeki kwa mahitaji. Presha ikianguka, misuli ya moyo wenyewe hukosa damu. Ndiyo maana daktari wa usingizi humwogopea mgonjwa huyu ile sindano ya mgongo ya mara moja wanayochomwa wengine.

Mlango wa mitrali, ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ukibana, adui ni mapigo ya mbio. Damu inataka muda wa kupita kwenye tundu dogo. Muda ukikosekana inarundikana nyuma, na mapafu yanajaa maji. Dripu nyingi humzidishia. Anayevuja ni kinyume chake: mapigo ya kasi kidogo na mishipa iliyolegea humsaidia, damu ikaenda mbele badala ya kurudi. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "mgonjwa wa moyo" na basi, kwangu mimi haijasema kitu. Kinachomponya mmoja kinamdhuru mwenziwe.

Ninayemfikiria zaidi ni mjamzito. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na mlango wa mitrali uliobana kimya tangu siku za skuli hujitokeza hapo. Anatweta kwa hatua chache, hawezi kulala chali, usiku anaamka kwa kukohoa. Nyumbani wanamwambia ni mimba tu, vumilia. Huenda ni mimba kweli. Lakini ikiwa ni moyo, akaja kupasuliwa usiku kwa dharura na hakuna ajuaye, timu nzima inafanya kazi gizani. Inauma, kwa sababu kipimo cha eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, hakichomi wala hakikati, na kinaonyesha ni mlango upi, unabana au unavuja, na kwa kiasi gani.

Ugonjwa wa milango haumzuii kila mtu kupasuliwa. Wengi hupasuliwa salama kwa kuangaliwa kwa karibu. Wengine lazima mlango utengenezwe kwanza, na wagonjwa wa Unguja na Pemba huvuka bahari kwa ajili hiyo hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Aliyekwisha kuwekewa mlango wa chuma anameza wafarini ili damu isigande. Kabla ya upasuaji mkubwa huachishwa kwa siku 5 hivi, na baadhi huchomwa heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, katika siku hizo. Siku hizo huhesabiwa na daktari, si mgonjwa mwenyewe nyumbani: mlango wa chuma ukikosa dawa unaweza kushikwa na bonge la damu, ukashindwa kufunguka.