Maji usipoyatumia, yanakuwa ya mwingine?

Mjomba wangu ana bustani ya mboga katika bonde la Lukuledi, upande wa Lindi. Kiangazi kilichopita nilimkuta anavuta maji mtoni kwa pampu na kuyamwaga kwenye matuta matupu, hata mche mmoja wa mchicha hakuna. Nikamuuliza, mjomba, unamwagilia nini? "Namwagilia kibali," akanijibu. Kuna mtu alimwambia kwamba kibali cha maji ni sawa na shamba: ukiliacha likawa pori, atakuja mwenzio alilime. Basi kila siku petroli inateketea ili karatasi iliyo sandukuni isinyauke.

Sikumcheka. Hofu yake ina asili, ila imekusanya sheria tatu nne tofauti na kuzitia kwenye ndoo moja.

"Nina haki ya maji, kwa hiyo maji ni yangu"

Hapa ndipo mzizi ulipo. Sheria ya maji Na. 42 ya mwaka 1974 ilitumia maneno "haki ya maji", na wazee walioandikishwa enzi hizo bado wanaita hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, iliyochukua nafasi yake, inasema "kibali cha kutumia maji". Mabadiliko ya jina si pambo. Maji yote ya Tanzania Bara, ya mtoni na ya chini ya ardhi, ni ya umma, na Rais ameyashika kama mdhamini wa wananchi. Ulichopewa ni ruhusa: kiasi fulani, kutoka mahali fulani, kwa kazi fulani, kwa muda ulioandikwa. Kwetu kusini anayeitoa ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara, moja kati ya bodi za mabonde tisa ya nchi. Na kibali hakiahidi kwamba maji yatakuwepo. Mto ukishuka mwezi wa kumi, huwezi kuupeleka mahakamani.

Ndiyo maana mfano wa shamba haukai. Shamba lako hata likiota nyasi ni shamba lako mpaka sheria iseme vingine. Maji ya mtoni hayakuwahi kuwa yako hata siku moja.

"Usipoyatumia, yanachukuliwa"

Hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya isife. Bodi ina uwezo wa kukipunguza au kukifuta kibali ambacho maji yake hayatumiki kwa manufaa. Sababu yake inaeleweka ukisimama kando ya mto. Kwenye daftari maji yameshagawanywa yote, mtoni yanapita tu kwenda baharini, na kikundi cha vijana wa kijiji cha pili wanaotaka kulima mpunga wanaambiwa nafasi hakuna. Aliyeshikilia karatasi bila kazi amewafungia mlango.

Lakini neno lenye uzito hapo ni "manufaa". Kumwaga maji kwenye tuta tupu si matumizi, ni upotevu, na upotevu haumlindi mtu. Mkaguzi akija atauliza unalima nini; hataangalia kama pampu inanguruma. Tena kibali hakiyeyuki chenyewe usiku ukiwa umelala. Lazima Bodi ifanye uamuzi, na kabla haijafika huko unaweza kueleza kwa maandishi: pampu imekufa, nimeugua, banio limebomolewa na mafuriko, nitarudi shambani msimu ujao.

Nijuavyo mimi, wanaopata taabu wengi si wale waliopumzika msimu mmoja. Ni wale ambao muda wa kibali umeisha na hawakuomba upya, wameruka ada ya mwaka, au wameomba maji ya bustani kisha wakaanza kuyauza kwa matenki. Mjomba mwenyewe, nilipomwomba anioneshe karatasi yake, hakuwa anajua tarehe ya mwisho iliyoandikwa pale chini. Amechoma petroli ya miezi miwili kulinda kitu ambacho hakujua kinaisha lini.

"Lakini hiyo sheria ipo, tumeona kwenye mtandao"

Ipo, ila ni ya Marekani, tena ya majimbo ya magharibi. Wachimbaji dhahabu wa California, katikati ya karne ya 19, walikubaliana kwamba aliyetangulia kuchepusha maji na kuyafanyia kazi ndiye mwenye haki ya kwanza, na asiyeyafanyia kazi hupoteza. Mpaka leo Idaho huhesabu miaka 5 ya kutotumia, Utah miaka 7. Colorado miaka 10 huleta dhana tu kwamba mtu ameitelekeza haki yake, naye anaweza kuipinga kwa ushahidi. Majimbo ya mashariki ya nchi hiyohiyo yanafuata utaratibu mwingine: mwenye ardhi ya kando ya mto ana haki kwa sababu ya ardhi yake, na kutotumia peke yake hakumwondolei. Kichekesho ni kwamba hata huko magharibi, maji yaliyopotezwa ovyo hayahesabiwi kuwa yametumika. Angekuwa Colorado, mjomba asingekuwa salama kwa mtindo wake ule.

"Miaka kumi na miwili nikiteka hapa, hapa pangu"

Miaka 12 ni ya Sheria ya Ukomo ya 1971, na inahusu kufungua kesi ya kudai ardhi. Kuna na miaka mitano, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kuhusu ardhi ya kimila iliyotelekezwa. Na hata hapo, kulipumzisha shamba ili lirudishe rutuba kunahesabiwa kuwa ni kulitumia. Hesabu zote mbili ni za udongo. Ukizipeleka mtoni hazina kazi.

Ukoo uliokunywa na kumwagilia kwa chemchemi ileile tangu mababu ni habari nyingine: sheria inazitambua haki za kimila za maji. Ila ni vizuri Bodi ijue zipo, kabla mgeni hajaomba kibali juu ya chemchemi hiyohiyo.

"Na kisima changu cha nyumbani?"

Kaa kwa amani. Maji ya kunywa, kupika na kufua hayahitaji kibali, kwa hiyo hakuna kibali cha kupoteza. Kisima ulichochimba kwa mkono uani kwa ajili ya familia, na tangi linalokinga mvua ya bati, havimo kwenye hesabu hii. Nasema hivi hasa kwa ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mto hakuna na watu wamekinga mvua miaka nenda rudi. Ukifunga nyumba ukaenda Dar es Salaam mwaka mzima, ukirudi tangi ni lako. Kuchimba kwa mashine ndiko kuna masharti yake, likiwemo la mchimbaji kuwa na leseni.

"Tusipoutumia Ruvuma, Msumbiji watauchukua wote"

Hii husemwa kahawani, kwa sauti kubwa. Ruvuma ni mto wa mpakani, na Tanzania na Msumbiji zote zimo SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, na Itifaki ya mwaka 2000 ya mito ya pamoja inazitaka nchi kuyatumia maji kwa usawa na kwa kiasi cha haki. Katika kupima usawa huo yanaangaliwa matumizi yaliyopo pamoja na yale yanayoweza kuja baadaye. Nchi haipotezi fungu lake kwa kuwa leo haijaweka pampu.

Mjomba aliizima yake. Tukaketi chini ya mkorosho tukaandika barua ya ukurasa mmoja: namba ya kibali, jina la mto, sababu ya kutolima msimu huu, mwezi atakaoanza tena, na ombi la kuhuisha muda. Alisisitiza niongeze kwamba matuta yapo tayari na yana unyevu wa kutosha.