Bakuli la asai: utamu tumeutia sisi

Marekani wana kalenda ya vyakula ambayo karibu kila kinacholiwa kimetengewa siku yake, na bakuli la asai, tunda dogo la Brazili, limo. Siku hiyo ikifika, picha hutufikia hadi kwenye simu zetu: rojo zito la rangi ya zambarau, ndizi zimekatwa duara duara na kupangwa juu, asali inachuruzika pembeni. Picha zikishapita huja maswali, na mimi kama afisa lishe huulizwa zaidi mawili. Je, kweli linapunguza uzito? Na mwenye kisukari ale?

Majibu yako Belém, mji mkuu wa jimbo la Pará, kaskazini mwa Brazili. Pará ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya asai ya nchi hiyo. Mti wake ni wa ukoo mmoja na mnazi na mchikichi, mwembamba, huota kwa vikundi kwenye ardhi ya majimaji kando ya mito. Mkwezi hutia kitanzi miguuni, kama wakwezi wetu wa nazi, akaparamia shina la mita 15 au zaidi na kushuka na kichala mkononi. Vikapu husafirishwa kwa mashua na kufika kabla ya mapambazuko kwenye soko la asai, jirani na soko kongwe la Ver-o-Peso.

Ukiiweka punje moja kiganjani utaiona ndogo kama gololi, nyeusi yenye wekundu wa mbali. Karibu yote ni kokwa. Kinacholiwa ni utando mwembamba uliolizunguka. Muuzaji huloweka punje, huzitia kwenye mashine pamoja na maji, na rojo likachujwa. Duka lenye asai siku hiyo hutundika bendera nyekundu mlangoni, na mteja huagiza zito, la wastani au jepesi, kama sisi tunavyochagua uji. Wengi wa wenyeji hulila kwa samaki wa kukaanga au kamba wa kukaushwa, na unga wa muhogo uliokaangwa. Ni chakula cha mchana hicho, na kina ladha ya udongo kidogo na mafuta. Gramu 100 za rojo lisilotiwa kitu zina mafuta takriban gramu 5, na sukari haifiki gramu 3.

Kabla ya kufika kwenye sukari, kuna jambo ambalo picha za sikukuu hazilionyeshi. Mwaka 1909 daktari Mbrazili Carlos Chagas alieleza ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Vimelea vyake, Trypanosoma cruzi, ni ndugu wa vile vya malale tunavyoambukizwa na mbung'o. Kule huenezwa na mdudu mnyonya damu ambaye Wabrazili humwita barbeiro, yaani kinyozi. Mdudu huyo hujificha kwenye vichala, au huvutwa usiku na taa ya mashine, akasagwa pamoja na matunda. Aliyekunywa rojo hilo anaweza kupata homa ya muda mrefu, uso kuvimba na misuli ya moyo kuathirika. Dawa ipo, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa ukigunduliwa mapema.

Kinga yake ni rahisi hadi inashangaza: punje huoshwa, huchovywa kwenye maji ya nyuzijoto 80 kwa sekunde 10, kisha hupozwa haraka. Kwa wauzaji wa Pará hilo ni sharti la kisheria. Watu wengi hudhani barafu huua kila kitu. Kwa vimelea hivi barafu haitegemewi, joto ndilo linalotegemewa. Kwa hiyo ukinunua rojo la kugandishwa, iwe Dubai au Toronto, tafuta kwenye paketi maelezo kwamba limepasteurishwa, yaani limepashwa moto kuua vijidudu.

Bakuli lenyewe tunalolijua halikuzaliwa kwenye meza za wavuvi wa Pará. Asai huharibika ndani ya siku moja hivi ikikosa baridi, hivyo ilipoanza kusafirishwa mbali iligandishwa. Rio de Janeiro wakaisaga ikiwa barafu, wakatia ndizi na shira ya guarana, tunda jingine la Brazili, na wacheza jiu-jitsu na wateleza mawimbi wakaifanya kifungua kinywa chao. Kutoka hapo ikaenda Marekani na kwingineko.

Hesabu sasa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Asali imo kwenye hesabu hiyo, hata ikitoka mzinga wa babu yako. Kijiko kikubwa kimoja kina sukari gramu 17 hivi. Vijiko viwili tu, umeshavuka 25, na bado hujagusa shira wala granola, zile nafaka kavu zinazonyunyizwa juu, ambazo mara nyingi huokwa na sukari yake.

Kuhusu kupunguza uzito nitasema kwa kifupi, ni biashara. Mwaka 2011 tume ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi ilizipeleka mahakamani tovuti zilizojifanya vyombo vya habari ili kuuza vidonge vya asai. Ile rangi ya zambarau ni anthosayanini, nayo imo pia kwenye zambarau zetu zinazochafua midomo ya watoto msimu ukifika. Ni nzuri kuila, haiyeyushi tumbo.

Na mwenye kisukari? Rojo lisilotiwa sukari halimdhuru. Anayeagiza mgahawani aulize kwanza limesagwa na nini, kwa sababu paketi nyingi huja zimeshatiwa shira. Nyumbani asage rojo tupu na mtindi usio na sukari, atie nusu ndizi badala ya nzima, karanga chache, na kijiko cha unga wa ubuyu akitaka uchachu. Bakuli liwe la ukubwa wa kile cha supu. Yale ya kwenye picha mara nyingi yangetosha watu wawili.