Kabla Mlango Haujang'olewa: Makanisa, Misikiti na Familia za Mitaani Nairobi

Jumapili mchana, ibada zikishaisha, karibu na mzunguko wa Globe hukosi kuona matatu ya kukodi imeegeshwa na vijana waliovaa fulana za kanisa wakishusha sufuria la githeri, mikate na magunia ya mitumba. Foleni inapangwa, wimbo unaimbwa, neno linatolewa, picha zinapigwa. Chakula kinaisha kabla foleni haijaisha. Jumapili inayofuata watakuja watu wa kanisa jingine, ama hatakuja mtu.

Sisi maafisa wa ustawi wa jamii hatuna ugomvi na githeri. Mwenye njaa apewe chakula kwanza, maswali baadaye. Lakini kila tunapokaa na kamati za makanisa na misikiti ya jiji hili, kuna jambo tunalolirudia, na mara ya kwanza huwa halipokelewi vizuri: shilingi ya sadaka hufanya kazi kubwa zaidi kabla mtu hajafika barabarani kuliko baada ya kufika. Familia ikishalala nje miezi kadhaa, kuirudisha ndani ni kazi ya miaka. Familia ambayo bado ina chumba, hata kama inadaiwa, inaweza kuokolewa ndani ya wiki moja.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, na Nairobi peke yake watu 15,337. Hao ndio walioonekana. Wanaoning'inia kwenye ukingo, katika vyumba vya mabati vya Mathare, Mukuru na Korogocho, hakuna sensa inayowaita wa mitaani, kwa sababu usiku wa kuhesabiwa walikuwa bado na mlango wa kufunga.

Na mlango ndio wa kwanza kwenda. Kodi hudaiwa tarehe tano. Baba anayetegemea kibarua cha mjengo akiugua, au mjengo ukisimama, tarehe tano inapita. Msimamizi wa ploti, yaani jengo la vyumba vya kupanga, anabisha kwa upole, kisha kwa makelele. Siku moja mama anarudi kutoka kufulia watu nguo na kukuta kufuli la pili juu ya lake. Akizidi kuchelewa, anatumwa fundi kung'oa mlango, na pengine mabati ya paa. Vyombo vinapelekwa kwa jirani, watoto wadogo kwa shangazi. Yule mkubwa, wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, hakuna anayemuuliza sana analala wapi. Anaanza kushinda stejini akiokota chupa za plastiki, halafu anapatana na wenzake wenye besi, yaani kambi ya wanaolala nje, halafu anaonja gundi. Watu hudhani gundi ni utundu. Mvuke wake hupumbaza njaa na baridi, na kwa mtoto anayelala kwenye saruji mwezi wa Julai hiyo ni sababu tosha. Kuja kumwachisha baadaye, kwa mahubiri ama kwa kiboko, ni vigumu mno.

Wapangaji wengi hawajui kwamba kung'oa mlango si haki ya mwenye nyumba. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, na mpangaji wake hawezi kutolewa bila amri ya baraza la kodi. Mzee wa kanisa au imamu anayelifahamu hilo, akienda na mama huyo kwa mwenye ploti na kuongea kwa staha, mara nyingi hupata wiki mbili za nafasi. Wenye ploti wengi nao ni waumini, na wanajuana na viongozi hao. Ofisi ya serikali haina mlango wa kuingilia mazungumzo ya namna hiyo.

Hapa ndipo taasisi za dini zinapotuzidi. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki hukutana nyumbani kwa watu kila wiki. Vikundi vya akina mama vya makanisa mengine hufanya hivyo hivyo, na msikitini mtu asiyeonekana swala ya Ijumaa mbili mfululizo huulizwa. Huko ndiko habari za kodi hufika mapema, mlango ungali kwenye bawaba. Ofisi yetu huzisikia mwisho kabisa, mtoto akishaletwa na polisi.

Kwa Waislamu, njia imekwishachorwa. Aya ya 60 ya Suratut Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahili zaka, na mojawapo ni wenye madeni. Kamati nyingi za zaka tunazokutana nazo hugawa unga, mchele na mafuta ya kupikia kwa mafukara na maskini, na fungu la wenye madeni hulitaja kwa nadra. Yule mama mwenye kufuli mbili mlangoni ana deni, tena la kulinda watoto. Maulamaa wenu ndio wa kutoa hukumu. Mimi naomba tu swali lifike mezani kwao. Wakristo nao wanayo barua ya Yakobo, sura ya pili, inayomkemea anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba, asimpe kitu.

Mkiamua kulipa kodi, lipeni kwa mwenye nyumba moja kwa moja, kwa M-Pesa, na risiti iandikwe jina la mpangaji. Msilipe yote kama mnaweza kukubaliana nusu sasa na nusu kidogo kidogo. Wekeni kikomo cha mara ngapi kwa mwaka, na kikomo hicho kijulikane na wote, la sivyo kamati itageuka baraza la malalamiko. Na jambo ambalo huleta uchungu kuliko yote: msiwasaidie waumini wenu peke yao. Ploti moja ina Wakristo, Waislamu na wasiokwenda popote, na wote wanajua nani kalipiwa.

Basi, na wale ambao tayari wako nje?

Mfano ulio karibu nasi ni wa Undugu. Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliianzisha Undugu Society mwaka 1973 kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakielekeza magari ya kuegeshwa katikati ya jiji. Alianza kwa kuwafuata walikokuwa, usiku kwa mchana, hata wakamzoea. Kadiri kazi ilivyoendelea, shirika liliona kwamba wavulana wanaotolewa barabarani wanafuatwa na wengine kutoka mitaa ile ile ya mabanda, likapeleka nguvu huko walikotoka: elimu ya msingi iliyofupishwa kwa watoto waliokosa shule, mafunzo ya ufundi, na kazi na wazazi. Masista wa Mercy huko Mukuru nao, tangu 1985, wamejenga shule katikati ya mabanda badala ya kungojea watoto wafike mjini. Nayasema haya kwa kamati mpya zinazodhani zinaanza na ubao mtupu. Nairobi ina zaidi ya miaka hamsini ya kazi hii, na makosa mengi yamekwisha kulipiwa na waliotangulia.

Somo la kwanza ni kuja siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale. Nendeni Makindu, kwenye barabara ya Mombasa, mkaone gurudwara ya Masingasinga iliyojengwa 1926. Msafiri yeyote huketi na kula bila kuulizwa dini wala kabila, na dereva wa lori anajua kwamba akifika atakuta chakula, mwaka huu kama mwaka jana. Kanisa lenye uwezo wa kupika mara moja kwa mwezi lipike mara moja kwa mwezi, mradi Jumamosi ya kwanza iwe Jumamosi ya kwanza. Mtu wa mitaani ameahidiwa mengi. Anayewapima hapimi wingi wa nyama, anapima kama mmerudi.

Besi ina wenyewe. Kuna kiongozi, kuna sheria, kuna mama wenye watoto wachanga waliozaliwa hapo hapo. Msiingie kama wageni wa harusi. Tumeni wawili au watatu mbele, wakae na kiongozi, waulize kinachohitajika. Majibu huwashangaza wengi. Nguo haziji mwanzoni, maana mitumba mizuri huporwa na wakubwa au kuuzwa jioni ile ile. Wanawake hutaja taulo za hedhi na mahali pa kuoga. Ua wa kanisa lenye bomba, chumba kimoja chenye komeo kwa ndani, sufuria la maji moto na sabuni ya kipande, huduma hiyo hugharimu kidogo kuliko sherehe moja ya Krismasi.

Hitaji jingine hutajwa na wachache ingawa ni la wengi: karatasi. Mtoto anayezaliwa hospitali hupewa taarifa ya kuzaliwa, na usajili wake ni mwepesi ndani ya miezi sita ya kwanza. Ikipita hapo, unakuwa usajili wa kuchelewa, wenye masharti na safari zaidi. Sasa fikiria karatasi hiyo ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro la katoni, mvua ya Aprili ikinyesha au kanjo, askari wa kaunti, wakizoa kila kitu na kukitupa kwenye lori. Bila taarifa hakuna cheti cha kuzaliwa, na bila cheti kupata kitambulisho kunakuwa mlima. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, na kibarua cha maana hukipati. Kanisa moja hapa jijini lilitenga kabati la chuma katika ofisi ya parokia. Kila mtu ana bahasha yake ya kaki yenye jina na picha ndogo: kadi ya kliniki ya mtoto, taarifa ya kuzaliwa, barua ya chifu, kadi ya dawa za kifua kikuu. Mwenyewe huja kuichukua akiihitaji na kuirudisha. Tiba ya kifua kikuu ni ya bure katika vituo vya umma lakini huchukua miezi sita, na mgonjwa asiye na anwani hupotea katikati. Yule anayeweka kadi yake kwenye kabati hupita hapo kila mara, na asipoonekana kuna mtu wa kuuliza yuko wapi.

Yapo mambo tunayoyakataza kabisa.

Msimchukue mtoto na kumpeleka nyumbani kwa muumini au kwenye bweni la kanisa, hata kwa nia njema namna gani. Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, au umwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia. Kwa hiyo ile harambee ya kujenga nyumba ya yatima, ambayo kila kanisa huiota, pesa zake zingefaa zaidi kumtafuta shangazi na kumsaidia.

Msipige picha za watoto mkazitia mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi, na shule imewahi kutozwa faini kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Ukiachilia mbali sheria, Injili ya Mathayo inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na Suratul Insan inawasifu wanaolisha maskini bila kutaka malipo wala shukrani. Sijui kamera inaingilia wapi hapo.

Msimfungie mlevi ndani ya kanisa ili aombewe mpaka pombe imtoke. Aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kupatwa na degedege na kuchanganyikiwa, na anaweza kufa. Apelekwe hospitali kwanza. Maombi yaendelee akiwa wodini. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, na watakuelekeza.

Na mahubiri yasiwe bei ya sahani. Anayetaka kusikiliza atabaki.

Kuhusu askari wa kaunti na polisi, viongozi wa dini wana sauti ambayo wenye besi hawana. Kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu bado kinazungumzia watu wavivu na wenye fujo, urithi wa sheria za Kiingereza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za aina hiyo, za kuwaadhibu watu kwa uzururaji, zinakwenda kinyume cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Msako ukifanyika, padre au sheikh anayefika kituoni akiuliza kwa majina ni nani ameshikwa, na kwa kosa gani, hubadilisha mwenendo wa usiku huo. Ili kuuliza kwa majina, inabidi uwe unayajua, na hapo ndipo ile Jumamosi ya kila mwezi inapolipa.

Neno la mwisho ni la kalenda. Desemba wafadhili ni wengi mpaka chakula kinamwagwa, na Ramadhani futari ni tele. Januari, ambayo watu wetu wameibatiza Njaanuari, karo na sare za shule zinadaiwa pamoja na kodi, vibarua ni haba, na kamati nyingi ziko likizo. Familia nyingi tunazozipokea Februari zilipoteza chumba wakati huo. Kamati inayokutana Novemba kupanga sherehe itenge kwanza fungu la kodi, imteue mtu mmoja wa kulishughulikia, na iwape viongozi wa jumuiya namba yake ya simu kabla ya tarehe tano Januari.