Konea kabla ya leza: historia ninayowaeleza vijana wa Kisumu

Vijana wanaokuja kwangu hapa Kisumu, wengi wakiwa wanafunzi wa vyuo waliochoshwa na miwani, huniuliza kwanza kuhusu upasuaji wa leza wa kurekebisha macho, nami huanza na konea, utando angavu ulio mbele ya jicho. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita, na ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga. Historia ya upasuaji huu ni historia ya madaktari kujifunza konea inavumilia kuguswa kwa kiasi gani.

Mnamo miaka ya 1930 na 1940, Tsutomu Sato wa Japani aliichanja konea kwa kisu kutoka upande wa ndani ili ibadili umbo. Wagonjwa wasioona mbali waliona vizuri zaidi, lakini miaka mingi baadaye konea za wengi wao zilivimba na kupoteza uangavu, kwa kuwa kisu kilikuwa kimeharibu safu ya seli za ndani zinazoondoa maji ya ziada kwenye konea, na seli hizo kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Wakati ule kazi ya seli hizo haikuwa ikijulikana. Sipendi kulipita jambo hili haraka, kwa maana wagonjwa wale walirudi nyumbani wakiwa na furaha.

Svyatoslav Fyodorov wa Moscow, katika miaka ya 1970, alichanja kutoka nje, lakini utafiti wa Marekani uliofuatilia upasuaji wa aina hiyo ulionyesha kwamba baada ya miaka 10, asilimia 43 ya macho yalikuwa yamesogea dayopta 1 (kipimo cha nguvu ya lenzi za miwani) au zaidi kuelekea kutoona karibu.

Leza ilitoka kwa watu wasio madaktari wa macho. Mwaka 1981, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum wa kampuni ya IBM walielekeza leza ya eksima, inayotoa mwanga wa urujuanimno, kwenye mabaki ya nyama ya bata mzinga ya Sikukuu ya Shukrani, wakaona imekatika bila kuungua. Mwanga huo, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, huvunja vifungo vya molekuli na kumezwa na tabaka jembamba mno, hivyo joto halisambai. Kila mpigo huondoa takriban robo ya mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 1983, daktari wa macho Stephen Trokel alishirikiana na Srinivasan kuijaribu kwenye macho ya ng'ombe, na mwaka 1988 Marguerite McDonald akaitumia kwenye jicho linaloona, la mwanamke ambaye jicho hilo lilikuwa liondolewe kwa sababu ya saratani. Ioannis Pallikaris wa Krete ndiye aliyeiunganisha na kifuniko chembamba cha konea kinachoinuliwa na kurudishwa, akaiita LASIK.

Kisha, mwaka 1998, daktari wa macho Theo Seiler na wenzake waliripoti konea zilizoanza kuchomoza baada ya LASIK. Taarifa hiyo inatugusa sana hapa, ambako mzio wa macho huwafanya watoto wengi kuyasugua kwa miaka, na kusugua huko huchangia keratokonasi, ugonjwa unaodhoofisha konea hadi ikachongoka. Konea ya namna hiyo haipaswi kupunguzwa kwa leza.

Kwa hiyo mimi hupiga hesabu mbele ya mgonjwa. Mwenye konea ya mikroni 540, tukitoa 110 za kifuniko na takriban 15 ambazo leza huondoa kwa kila dayopta, akihitaji dayopta 6 hubaki na 340. Mwenye mikroni 480 anayehitaji dayopta 9 hubaki na 235, chini ya 250 zinazochukuliwa kuwa kikomo, naye simpeleki kwenye LASIK hata akinisihi. Hata hesabu ikitosha, ramani ya umbo la konea ikionyesha keratokonasi nampeleka kwenye tiba ya kuikaza konea kwa vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, tiba ambayo Seiler huyohuyo alishiriki kuibuni huko Dresden.

Anayevaa lenzi za jichoni aziache wiki kadhaa kabla ya kipimo, kwa sababu hupotosha ramani hiyo, na aje na karatasi ya vipimo vya miwani ya mwaka uliopita, ili tujue kama macho yake yametulia.