Je, wajua kwa nini chakula usichoweza kukimeng'enya ndicho kinachokukinga na bakteria?

Mate yana amilasi, kongosho linayo pia, na ukuta wa utumbo mwembamba una vimeng'enya vingine vichache vya kukata wanga, sukari ya mezani na sukari ya maziwa. Orodha yetu karibu inaishia hapo. Mwili wa binadamu hautengenezi kimeng'enya chochote cha kuvunja selulosi ya majani, pektini ya matunda, inulini ya vitunguu wala rafinosi ya maharage. Kabohaidreti hizi, ambazo kwa jumla huitwa nyuzinyuzi au makapi-mlo, hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, zikatua kwenye utumbo mpana.

Huko wapo wenye meno ya kuzitafuna. Bakteria mmoja tu, *Bacteroides thetaiotaomicron*, ana jeni za vimeng'enya zaidi ya 260 vya kukata minyororo ya sukari. Yeye na wenzake huzichachusha nyuzinyuzi pasipo oksijeni na kutoa gesi pamoja na asidi tatu fupi: asetati, propionati na butirati, kwa uwiano unaokaribia 60:20:20. Asidi hizo ndizo kiungo kati ya sahani yako na kinga yako, na butirati, ingawa si nyingi kuliko zote, ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu.

Seli nyingi za mwili huendeshwa na sukari ya damu, lakini seli zinazotandika utumbo mpana hupata takriban asilimia 70 ya nishati yao kutoka kwenye butirati. Kuunguza butirati kunahitaji oksijeni nyingi, na oksijeni huletwa na mishipa ya damu iliyo nyuma ya seli hizo. Zikishiba butirati, huimaliza oksijeni yote kabla haijavuja upande wa pili, kwenye uwazi wa utumbo. Bakteria wakazi hawajali, kwa sababu wengi wao huuawa na oksijeni. Anayeumia ni mgeni. *Salmonella* na jamaa zake, akiwemo *E. coli*, wanaweza kuishi na oksijeni au bila oksijeni, ila wakiipata hukua haraka zaidi. Wakinyimwa, hubaki kugombania makombo na wenyeji waliozoea hali hiyo.

Sasa tuseme butirati imepungua, ama kwa sababu antibayotiki zimewaua wanaoitengeneza, ama kwa sababu hakuna nyuzinyuzi za kuchachushwa. Seli za ukuta hubadili mtindo: hugeukia sukari ya damu na kuitumia bila kuhitaji oksijeni nyingi. Oksijeni iliyobaki inavuja. Juu ya hayo, seli hizo huanza kutoa gesi ya naitriki oksaidi kwa wingi, inayogeuka kuwa naitreti, na bakteria hao wavamizi wanaweza kuitumia naitreti badala ya oksijeni. Mlango uliokuwa umefungwa sasa umefunguliwa kutoka ndani. Ndiyo maana panya wa maabara waliopewa antibayotiki huambukizwa *Salmonella* kwa urahisi kuliko wale wasiopewa.

Propionati ina mbinu nyingine, rahisi kuieleza. Asidi hii hupenya utando wa *Salmonella*, na ikishafika ndani huachia chaji yake ya asidi. Ndani ya bakteria panakuwa pachachu, naye badala ya kugawanyika hutumia muda akijaribu kurekebisha hali hiyo.

Kisha kuna ute. Utumbo mpana umepakwa ute wa tabaka mbili: la nje ni legelege na limejaa bakteria, la ndani limeshikana na karibu halina bakteria kabisa. Ute wenyewe umejengwa kwa protini iliyofunikwa na minyororo ya sukari, kwa hiyo bakteria mwenye njaa huuona kuwa chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilionyesha hili vizuri. Panya waliozaliwa bila bakteria yeyote walipandikizwa aina 14 za bakteria wa utumbo wa binadamu, kisha baadhi wakalishwa chakula kisicho na nyuzinyuzi. Bakteria waligeukia ute, tabaka likawa jembamba, na panya walipoambukizwa *Citrobacter rodentium*, ambaye kwa panya ni kama *E. coli* mkali kwetu, waliugua vibaya sana. Kupishanisha, leo nyuzinyuzi kesho hakuna, hakukutosha kuulinda ute. Tena, kuongeza unga wa nyuzinyuzi zilizosafishwa kwenye chakula kile kikavu hakukuleta kinga iliyoletwa na nafaka na mimea kamili. Wauzaji wa makopo ya "kuongeza kinga" huwa hawaligusi jambo hilo.

Asidi hizi hufika pia kwa askari wa kinga wenyewe. Butirati huzuia vimeng'enya vinavyofunga baadhi ya jeni, na matokeo yake seli za ukuta hutoa zaidi LL-37, protini ndogo inayotoboa utando wa bakteria. Makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza bakteria, waliokomaa penye butirati huua bakteria waliowameza kwa ufanisi zaidi, bila kuwasha moto mkubwa wa uvimbe. Kinga nzuri haipimwi kwa ukali tu. Askari anayefyatua ovyo huharibu ukuta anaoulinda.

Kwa binadamu ushahidi ni mdogo kuliko kwa panya, lakini upo. Mwaka 2000 watafiti nchini India walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kipindupindu waliopewa maji ya ORS yaliyoongezwa gramu 50 za wanga sugu (wanga usiomeng'enywa) wa mahindi kwa kila lita. Kuhara kuliisha mapema kuliko kwa waliopewa ORS ya kawaida. Sababu ni kwamba kipindupindu hushambulia utumbo mwembamba, huku utumbo mpana ukiwa bado na uwezo wa kufyonza. Asidi fupi zikifyonzwa, sodiamu hufuatana nazo, na maji huifuata sodiamu. Zingatia kwamba wanga uliongezwa kwenye matibabu, haukuchukua nafasi yake. Mwaka 2017, tena India, watoto wachanga 4,556 walihusishwa katika jaribio la kutoa bakteria *Lactobacillus plantarum* pamoja na minyororo mifupi ya fruktosi kwa siku 7. Maambukizi ya damu na vifo, vikijumlishwa, vilishuka kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Hapo lakini bakteria na chakula chake vilitolewa pamoja, hivyo haiwezekani kusema kila kimoja kilichangia kiasi gani.

Na kuna kisa kinachokwenda kinyume. Panya waliolishwa nyuzinyuzi nyingi za gundi ya guar waliugua zaidi, si kidogo, walipoambukizwa *E. coli* O157:H7. Butirati ilikuwa imeongeza kwenye seli zao vipokezi ambavyo sumu ya bakteria huyo hujishikiza navyo. Anayekuambia nyuzinyuzi hukinga dhidi ya kila bakteria hajasoma hadi mwisho.

Kiasi gani basi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2023, linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima na mtoto wa miaka 10 kwenda juu, gramu 21 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 15 kwa wa miaka 2 hadi 5, zitoke kwenye chakula chenyewe. Kikombe cha dengu zilizopikwa kina takriban gramu 15, tufaha moja la wastani lenye ganda gramu 4, ndizi mbivu gramu 3. Changanya aina, kwa sababu kila bakteria ana mnyororo anaouweza.

Kosa la kawaida ni kuruka kutoka gramu 10 hadi 30 kwa siku moja. Tumbo hujaa gesi na mtu anaacha siku ya tatu. Ongeza gramu 5 hivi, kaa nazo siku chache, kisha ongeza tena, na unywe maji ya kutosha ili kinyesi kisikauke. Mwenye utumbo uliosinyaa au aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo amuulize daktari kwanza.

Wanga sugu unaweza kuutengeneza mwenyewe: pika viazi au wali, upooze, uache kwenye friji usiku kucha. Minyororo ya wanga hujipanga upya na sehemu yake haimeng'enywi tena, hata chakula kikipashwa moto. Ila wali huo usiuache mezani. Mbegu za bakteria *Bacillus cereus* hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu mbegu hizo huchipuka na bakteria hutoa sumu ya kutapisha. Utandaze kwenye sinia pana upoe haraka, uingie kwenye friji chini ya nyuzi 5 za Selsiasi ndani ya saa moja au mbili. Ukichelewa, utupe, kwa sababu sumu hiyo haiharibiwi kwa kupashwa moto.